Simu Ndani, Mkoba Mbele

Natembeza watu mjini kwa malipo:
elfu mbili, saa tatu, viatu vya kufunika vidole.
Tunaanzia Khoja, chini ya saa,
na hotuba yangu haijabadilika tangu mwaka wa kwanza:
simu ndani, mkoba mbele,
ukikanyagwa usingoje kuombwa radhi,
na ukisikia "uji moto!" ruka kando.
Hakuna uji. Ni mkokoteni wa viazi,
na anayeusukuma hana breki ila nyayo zake.

Alhamisi ile nilikuwa na mgeni mmoja tu.
Jagtar, kutoka Kanada. Magoti mabovu,
kilemba cha rangi ya zambarau iliyoiva.
Nikamwambia, karibu Nairobi.
Akanitazama kama mtu aliyekaribishwa
kwenye kitanda alichozaliwa.

Tukashika River Road.
Nikamwonyesha Nduku, daktari wa miavuli,
mifupa ya chuma imemjaa mapajani.
Nikamwonyesha mchonga mihuri:
wizara nzima ndani ya sanduku la viatu.
Vipaza sauti viwili, ukuta kwa ukuta,
kimoja kinatangaza mwisho wa dunia,
kingine mwisho wa kunguni,
na wateja wengi wako kwa kunguni.

Nyamakima, ndengu zilipomiminwa kwenye debe
zikapiga kelele ya mvua juu ya mabati,
mzee akasimama. Akachota konzi moja,
akaiachia punje kwa punje.
Mwenye gunia akaanza kufoka,
kisha, sijui kwa nini, akanyamaza.

Kutoka hapo sikumwongoza tena.
Magoti yale mabovu yalinitangulia.
Hapa palikuwa na bomba la maji.
Hapa Musembi alinifundisha kutukana Kikamba,
nikaenda kumjaribia mama yake.
Hapa nilianguka na betri, hili kovu, ona.
Mimi nyuma, na kibendera changu cha kijani,
nikifuata kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Kirinyaga Road. Yeye akasema Grogan,
kama wanavyosema mafundi hadi leo.
Nyundo, gesi ya kuchomea, harufu ya mto nyuma ya maduka,
mafuta meusi yaliyofunika lami ya chini.
Akahesabu milango kwa kidole, akakosea,
akarudi, akahesabu upya.

Kizingiti cha jiwe, kimelika katikati kama sabuni.

Akavua kiatu.
Kazi yangu ni kuwakataza watu kuvua viatu Grogan,
kuna misumari, kuna vipande vya vioo.
Nikaangalia pembeni.
Akauweka wayo wake mle shimoni,
ukaingia, ukabakisha nafasi kidogo
ya kisigino cha mtu mwingine.

Kijana wa duka, Gathenya, akauliza,
"Mzee, ni klachi unatafuta?"
"Ya Datsun mia ishirini Y. Ipo?"
Gathenya akacheka, akajipangusa mikono kwa tambara.
"Hiyo gari ilikufa kabla sijazaliwa."
"Hata mimi niliambiwa hivyo," akasema mzee,
na akabaki amesimama, mguu mmoja na soksi,
mwingine bila, mikokoteni ikitupita
na uji wake.

Tulipoagana aliniuliza
pale mlangoni huwa nawaambia wageni nini.
Nikasema, huwa tunapita tu,
nawaambia wachunge wasiteleze.
Akalipa elfu mbili, kamili, bila bakshishi.
Ningeikataa.

Siku hizi nikifika pale nasema tupumzike.
Wanadhani nimechoka.
Daima yupo mmoja anayekaa juu ya lile jiwe,
anafungua maji yake, anakunywa,
na Gathenya ananikonyeza.
Sielezi kitu.

Jumamosi iliyopita binti mmoja aliinama,
akalipapasa lile shimo kwa kiganja,
akauliza ni nini hiki,
akatoa simu apige picha.

Nikamkumbusha: simu ndani.